Jini Letu Lilikuwa na Sura ya Jirani

Ukishuka Karume saa moja jioni na kukatiza soko la mitumba kurudi kwetu Mchikichini, utakuta wauzaji wanafunga. Wanakunja maturubai, wanabeba mabalo, na midoli ya kuvalisha nguo inabaki imesimama mstari mmoja kwenye giza giza. Mdoli usio na kichwa haunishtui. Ule wa waya unaoning'inia na sketi haunishtui pia. Ila kuna mmoja wenye uso, kope za kubandika na wigi. Nikiwa mwaka wa kwanza niliupita na mawazo yangu nikasema, "Shikamoo mama." Kimya. Nilipogeuka kuutazama vizuri, mwili ulinisisimka mpaka kwenye vidole. Kijana aliyekuwa anafunga meza alicheka hadi akakaa chini.

Kile kilichonipata sekunde ile kimeandikiwa makala nyingi duniani, na mwaka jana kilinifikisha pabaya. Ndiyo maana naandika.

Bonde la mzizimo

Mwaka 1970 Masahiro Mori, profesa wa uhandisi wa roboti katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, aliandika makala fupi yenye hoja rahisi. Kadiri kitu kinavyozidi kufanana na binadamu, alisema, ndivyo tunavyozidi kukipenda. Roboti la kiwandani ni mkono wa chuma tu, hatuna habari nalo. Roboti la kuchezea lenye kichwa na miguu linapendeza kidogo. Lakini kitu kikifika karibu sana na binadamu, halafu kikakosea padogo, upendo wetu unaporomoka ghafla. Mori alichora mchoro wenye mlima unaopanda, kisha shimo, kisha mlima mwingine ambao kileleni kwake yupo binadamu mwenye afya. Lile shimo aliliita bonde. Kwa Kiswahili mimi naliita bonde la mzizimo, kwa sababu ndivyo mwili unavyofanya: unazizima.

Mifano unayo. Waliotazama The Polar Express ya 2004 wengi walilalamikia macho ya wale watoto wa kompyuta, yaliyokuwa kama hayana mtu ndani. Roboti Sophia, lile lililopewa uraia wa Saudi Arabia mwaka 2017, likitabasamu unajikuta unarudi nyuma. Na Mori aliongeza jambo jingine: kitu kikianza kutembea, shimo linazidi kina. Maiti inatisha, lakini maiti inayotembea inatisha mara mbili.

Watengenezaji wa filamu za kutisha wanalijua bonde hili vizuri. Kazi yao ni kukusukumia humo.

Sasa, ndani ya bonde lile, pembeni ya maiti, Mori aliweka pia mkono wa bandia. Alieleza kwamba kwa mbali unaonekana wa kweli, lakini ukiushika, ubaridi wake na ulegevu wake vinakushtua. Nilisoma mstari ule mara ya kwanza nikaupita. Mara ya pili ndipo nikajiuliza: mkono ule si una mwenyewe? Kuna mtu ameuvaa asubuhi, amepanda daladala, amekuja kukusalimia. Mchoro umemweka jirani na maiti, na yeye alinyoosha mkono tu.

Jini la dakika 12

Mwaka jana kikundi chetu cha filamu hapa chuoni kiliamua kutengeneza muvi fupi ya kutisha, dakika 12. Mimi niliandika hadithi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea, nikawa pia msimamizi wa sura za wahusika. Hadithi ilihusu jini la kike linalozunguka sokoni usiku. Tukapiga picha Mchikichini kwa sababu shangazi alitupa uwanja bure na chai juu.

Sura ya jini niliibuni mwenyewe na nilijivunia. Poda nyeupe usoni, shingoni na mikononi. Nywele zikapakwa rangi ya manjano iliyopauka. Nyusi tukazifuta. Lenzi nyekundu za macho tulizipata Kariakoo baada ya kuzunguka maduka kama sita. Bado nikaona kuna kitu kinapungua, nikamwambia mwigizaji wetu ayachezeshe macho, kushoto kulia, yasitulie. Hapo ndipo ikatisha kweli. Washkaji wote wakapiga kelele, tukagongeana mikono.

Tulikuwa hatuna taa ya kutosha. Kwenye kona ya mtaa wetu kuna kaka fundi simu, ana taa nzuri ya mezani. Ana ualbino. Namfahamu miaka mingi, amenitengenezea simu kwa mkopo zaidi ya mara moja. Nikaenda kumwazima taa, mwigizaji akinifuata na poda yake.

Fundi aliacha simu aliyokuwa ameikaribisha usoni, maana ndivyo anavyoona, akamtazama yule dada kwa muda.

"Kwa hiyo hilo jini lenu ni mimi?"

Nikababaika. "Hapana kaka, ni jini tu la kawaida."

"Dogo, ngozi yangu, nywele zangu, macho yangu yanavyocheza. Mmebakiza kunikopa jina." Akachomoa taa kwenye umeme, akanipa. "Mkimaliza mnirudishie, kesho nina kazi."

Angetukatalia ile taa, ningejisikia nafuu.

Je, si silika?

Usiku ule utetezi wangu wa kwanza ulikuwa silika. Si kosa letu, nilijiambia, ubongo umeumbwa hivyo. Kuna hata hoja inayopendwa sana na vijana kwamba zamani za kale wazee wetu walikutana na kiumbe kilichofanana na mtu ambacho hakikuwa mtu, ndiyo maana hadi leo tunaogopa. Ni hadithi tamu, hata mimi ningeiandikia muvi. Lakini mshtuko huu una maelezo yasiyohitaji kiumbe chochote.

Maelezo ya kwanza ni ugonjwa. Mwili wetu una tahadhari ya kukwepa maambukizi kabla hayajatufikia: harufu ya uozo, vidonda, maiti. Wanasaikolojia kama Mark Schaller wa Kanada wamechunguza tahadhari hii, na jambo moja limejitokeza wazi: inakosea sana, na inakosea upande wa woga. Inapiga kengele kwa alama ya kuzaliwa, kwa kovu la moto, kwa mguu mfupi, mambo ambayo hayaambukizi kabisa. Ni kama mbwa wa getini anayembwekea mwizi na posa sawasawa. Huwezi kumlaumu mbwa. Lakini pia humwachii mbwa aamue nani aingie ndani.

Maelezo ya pili ni mkanganyiko. Ubongo unataka kujibu haraka: huyu ni mtu au ni kitu? Ukichelewa kupata jibu, unapata mzizimo. Ndicho kilichonipata na yule "mama" wa Karume.

Je, tumezaliwa nao? Kwa sehemu, huenda. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha nyani picha za nyuso za nyani: za kweli, za kuchora kwa wazi, na za kompyuta zilizokaribia ukweli. Zile zilizokaribia ukweli nyani walizitazama muda mfupi zaidi. Kwa hiyo kuna kitu cha zamani humo. Lakini mwaka 2012 ukatoka utafiti mwingine, wa watoto wachanga. Wa miezi 6 hawakuonyesha kuzikwepa nyuso hizo. Wa miezi 12 walionyesha. Katikati hapo kilichoongezeka si umri peke yake. Mtoto alikuwa ameona nyuso nyingi, na kutokana nazo amejifunza uso wa kawaida ukoje.

Hapa ndipo hoja ya silika iliponifia mkononi. Kama "kawaida" tunaijenga kutokana na nyuso tunazoziona, basi anayeamua nani aonekane na nani afichwe anaamua pia nani atatisha. Hapa hapa Ilala kuna Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu husoma pamoja. Mtoto aliyekaa dawati moja na mwenzake mwenye ualbino hashtuki akikutana na mwingine kituoni. Ameshazoea, habari imeisha.

Kiukweli, hata mimi sikuwa nashtuka. Nilipita mbele ya yule fundi kila siku bila kuzizima popote. Nilipobuni jini sikutumia hofu yangu, kwa kuwa sikuwa nayo. Nilichukua hofu ambayo nilidhani watazamaji wanayo juu ya watu kama yeye, nikaipaka poda na kuipeleka kwenye kamera. Hiyo si silika, ndugu yangu. Ni hesabu niliyoipiga nikiwa na akili timamu.

Kutoka kibanda umiza hadi Hollywood

Sikuianza mimi. Mtaani kwetu tulikuwa tunabanana kwenye kibanda umiza kutazama muvi zilizoingizwa sauti ya Kiswahili. Huko ndiko nilikomfahamu Freddy Krueger, yule muuaji wa ndotoni aliyetoka Marekani mwaka 1984, ambaye uso wake wote ni makovu ya moto. Na mtaani kulikuwa na binti aliyeungua na jiko la mchina. Sisi watoto tukampa jina: Fredi. Tulikuwa tunamkimbia huku tunacheka. Sijui alisikia mara ngapi, ila nakumbuka kuna wakati aliacha kutumwa dukani.

Huko nje watu wenye miili hiyo wameanza kusema. Mwaka 2018, baada ya kampeni ya taasisi ya Changing Faces ya Uingereza, Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilitangaza kwamba haitafadhili tena filamu ambazo makovu ya usoni ndiyo alama ya uovu. Mwaka 2020 ikatoka The Witches, ambamo wachawi walipewa mikono yenye vidole vichache. Watu waliozaliwa na mikono ya namna hiyo wakapandisha picha za mikono yao mitandaoni kwa kaulimbiu ya kusema wao si wachawi. Kampuni ya Warner Bros. iliomba radhi, na mwigizaji Anne Hathaway naye akaomba.

Na kuna dada yetu wa hapa Afrika Mashariki. Lupita Nyong'o, Mkenya, alicheza katika filamu ya Us ya 2019 akiwa watu wawili: mama wa familia na pacha wake wa kutisha. Sauti ya yule pacha, ya kukwaruza na kukatikakatika, alisema aliianzia kwenye hali halisi ya kiafya inayokaza misuli ya koo. Ilitisha kweli, si uongo. Lakini watu wanaoishi na sauti ile wakauliza: mimi nikipiga simu kuomba kazi, huyo anayepokea atasikia nani? Lupita alijitokeza hadharani akaomba radhi, akaeleza kwamba hakukusudia kuwafanya waonekane mashetani. Namheshimu kwa hilo. Naona pia kwamba alifika pale pale nilipofika mimi: alitafuta kitu kinachosisimua mwili, akakikuta kwenye mwili wa mtu.

Hapa kwetu bei ni kubwa zaidi

London mtu akichorwa kama zimwi anaumia moyo, anakosa kazi, anakosa mchumba. Hayo si madogo. Hapa kwetu yanafuata mengine.

Ualbino ni hali ya kurithi: mwili unatengeneza rangi kidogo sana au hautengenezi kabisa, kwenye ngozi, nywele na macho. Ndiyo maana wengi wana uoni hafifu, mwanga unawaumiza, na macho huchezacheza yenyewe. Tanzania inakadiriwa mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni 1 katika 17,000 hadi 20,000. Ni watu wetu, ni wengi, wako kila mtaa. Na bado imani inasema hawafi, eti hupotea. Yaani ni mizuka. Juu ya imani hiyo waganga matapeli wakajenga nyingine, kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Kufikia mwaka 2015 waliouawa nchini tangu 2000 walikuwa zaidi ya 70, achilia mbali waliokatwa mikono wakabaki hai. Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli mwaka huo. Hata hivyo mwishoni mwa Mei 2024, Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu alichukuliwa nyumbani kwao usiku, na Juni mabaki yake yakapatikana.

Sisemi muvi ndiyo iliyoshika panga. Panga lilishikwa na tamaa ya mali. Lakini mkono hauinuki juu ya mtu mpaka kwanza umeambiwa kwamba yule si mtu kamili, na kazi ya kuambia hufanywa na hadithi. Jini langu lilikuwa linarudia hadithi ile ile, kwa lenzi za Kariakoo.

Hata lugha yetu imebeba mzigo huo. Tazama maneno ya zamani: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Yote yamepangwa kwenye ngeli ya ki-vi, pamoja na kiti na kijiko, wakati mkulima na mwalimu wako kwenye ngeli ya watu. Ndiyo sababu leo tunasema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino. Wengine wanaona ni maneno marefu ya semina. Mimi naona neno linalofanya kazi hapo ni lile la kwanza: mtu.

Na wapo waliobadilisha picha kwa kuonekana tu. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwani, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Mwaka 2015 Dk. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri, baadaye akawa balozi. Mtoto aliyekua anawaona hao kwenye taarifa ya habari ana "kawaida" pana kuliko yangu ya kibanda umiza.

Kinachotisha

Asubuhi nilirudisha taa. Nikamwomba fundi msamaha, akasema yameisha. Nikamuuliza kama anaona tuache kabisa muvi za kutisha.

"Kwa nini muache? Mimi nazipenda," akasema. "Ila nikwambie kitu. Nilipokuwa mdogo, kwetu Geita, aliyenitisha hakuwa na sura mbaya. Alikuwa jirani. Mpole, anatabasamu, analeta ndizi. Siku moja alimuuliza mama, huyu mtoto huwa analala chumba gani? Wiki hiyo hiyo mama alinileta Dar."

Akaendelea na simu yake. Mimi nilibaki nimesimama pale, mwili umezizima kuliko siku ya mdoli.

Tuliandika upya. Wengine kwenye kikundi walinuna, tulikuwa tumeshapiga picha robo tatu na hela ya lenzi imekwenda. Muvi mpya haina poda. Ina jirani mwenye shati safi anayeuliza swali moja kwa upole, na mama anayeosha vyombo ambaye mikono yake inasimama ndani ya maji. Fundi alikubali tuitumie hadithi, kwa sharti moja: naye acheze. Akacheza fundi simu. Tulipoionyesha ukumbini, palipofika swali lile hakuna aliyepiga kelele. Watu walinyamaza tu, na dada mmoja mbele yangu akasema polepole, "Mungu wangu."

Tangu hapo, kabla ya kuchora mhusika wa kutisha, kikundi chetu kinajiuliza maswali matatu. La kwanza: ukiondoa vitendo vyake vyote, ukabakiza mwili peke yake, je, bado mnasema ni mwovu? Kama ndiyo, mwili umebebeshwa kesi isiyo yake. La pili: je, kuna mtu halisi atakayetoka nje ya ukumbi akiwa na sura hiyo? La tatu: je, katika hadithi zetu nyingine mtu mwenye sura hiyo huwa anapata nafasi ya kuwa mwalimu, mpenzi, mshindi, au yeye kila siku ni jini?

Wazee walisema hujafa hujaumbika. Mori naye, kwa mchoro wake, alisema binadamu mwenye afya akifa anaporomoka kutoka kileleni hadi bondeni. Ukiyaweka pamoja, maana yake kila mmoja wetu ana kiwanja chake kule chini. Bodaboda moja tu, jiko moja la mchina, na wewe ndiye unayetazamwa.

Yule mdoli wa Karume bado upo, siku hizi umevalishwa dera. Bado unanishtua, na sina ugomvi na mshtuko huo. Kikundi kinakutana kila Alhamisi jioni. Njoo na jini lako, tutalipitisha kwenye maswali yale matatu. Likipita, taa ipo. Kaka fundi amesema tutaendelea kuazima.